Nani Kafuta Jina la Baba Watoto?

Ukinunua DVD ya tamthilia ya zamani, kuna kipande ambacho hujawahi kukidai kwa sababu hujui kama kimekatwa. Mama mmoja wa Singida anajua, na anakidai.

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea hebu jijibu mwenyewe: tamthilia ikiisha, zile herufi zikianza kupanda kutoka chini kwenda juu, wewe huwa unafanya nini? Usinijibu, najua. Unainuka kwenda kuinjika chai, unamfokea mtoto akalale, au unaiwahi rimoti kabla shemeji hajabadilisha kwenda kwenye mpira. Majina yanapanda yenyewe, hayana wa kuyasoma. Fundi taa, fundi sauti, aliyewapaka wasichana wanja, dereva, mama aliyewapikia. Sekunde arobaini hivi, wamepita, biashara imekwisha.

Sisi watu wa magazeti tuna ugonjwa wa kuyasoma. Hata jarida hili lina safu ya majina yetu kwenye kurasa za mwanzo, na nina hakika hakuna anayeigusa, lakini siku jina la mtu mmoja likirukwa kwa bahati mbaya, ofisini hapatoshi! Ndiyo maana nilipokuwa Singida mjini siku nne, kwa kazi nyingine kabisa iliyohusu kina mama wafugaji wa kuku wa kienyeji, na mwenyeji wangu akanitolea bahasha ya kaki yenye CD tatu zilizochubuka akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ni mtu wa habari, hebu nitazamie mwisho wa huu mkanda," kuku niliwaweka pembeni.

Jina lake kapuni, kwa sababu yuko kwenye maandalizi ya jambo la kifamilia na hataki maneno. Ni Mnyaturu wa pande za Ikungi, umri wake umeshaivuka arobaini, anauza mafuta ya alizeti kwa jumla na rejareja, na akicheka utapenda. Mume wake alifariki mwaka 2009. Enzi za uhai wake alikuwa fundi taa wa tamthilia moja iliyokuwa ikirushwa na kituo kimoja cha Dar es Salaam, na hapo nitaomba unisamehe, kituo sitakitaja, kundi sitalitaja na kampuni iliyouza zile CD pia sitaitaja.

"KAA MPAKA MWISHO KABISA"

Turudi mwaka 2002. Kwa wale mliozaliwa juzi, nieleze kidogo hali ilivyokuwa. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973, tena ya rangi, lakini huku Bara tulikaa gizani mpaka 1994 ITV na wenzao walipoanza. Televisheni ya Taifa, ile TVT ambayo leo ni TBC1, ilianza mwaka 2000. Makundi kama Kaole na Mambo Hayo yakawa gumzo la nchi nzima, mtu akipigwa kibao kwenye mchezo jana usiku, asubuhi kwenye daladala abiria wanagombana ni nani mwenye makosa. Kwa hiyo tukisema tamthilia za kale za Bara, tunazungumzia vitu vya juzi tu hapo. Umri wao ni wa mtu anayetafuta kazi.

Mwenyeji wangu wakati huo alikuwa msichana anayeuza duka la vipuri vya baiskeli Singida. Kijana alikuwa Dar. Walikutana kwenye msiba, mambo yakaenda yakienda, na mawasiliano yakawa ya barua kwa basi, maana simu za mkononi zilikuwa za wenye nazo. Barua moja ikaja na maagizo mafupi: Alhamisi saa tatu usiku, tafuta televisheni popote, na usiinuke. Kaa mpaka mwisho kabisa.

Nyumbani kwao televisheni hakuna. Akamchukua mdogo wake wakaenda baa moja iliyokuwa na dishi, karibu na stendi. Hebu wafikirie mabinti wawili wa heshima zao, Singida ile ya 2002, wamekaa baa saa tatu usiku na soda moja moja! "Nilijua kesho yake mama ataambiwa kabla sijaamka," anasema. "Na kweli aliambiwa."

Mchezo ukaisha. Mhudumu akanyanyua rimoti, dada akamshika mkono. Majina yakaanza kupanda. Waigizaji, mtunzi, kamera, sauti, na hapo kwenye taa akaliona jina la mchumba wake, majina yote mawili, yameandikwa sawasawa. Akataka kuinuka, mdogo mtu akamvuta: bado. Ikaja sehemu ya shukrani za pekee. Mwenye nyumba waliyochezea, kituo cha polisi kilichowaazima sare, wazazi wa fulani na fulani. Na mstari wa mwisho kabisa, chini ya wote, lilikuwa jina la utani alilokuwa anamwita yeye, jina ambalo duniani walilijua watu wawili tu.

"Nililia pale pale mbele ya walevi," ananiambia. "Wakadhani nimefiwa. Mmoja akaninunulia soda nyingine."

Mwaka uliofuata wakaoana. Binti yao wa kwanza akazaliwa 2004, wa kiume akafuata. Jamani, mimi nimeshasoma barua nyingi za mapenzi zinazokuja hapa ofisini, nyingine zimepakwa marashi na kuchorwa makopa, lakini ya namna hii sijaletewa bado.

CD TATU ZA STENDI

Baba watoto alipofariki, mama alirudi Singida na wanawe wawili na sanduku moja. Ukweni hakukaa vizuri. Wifi zake hawakuwahi kuikubali kazi ya kaka yao, kwao alikuwa "anazurura na wahuni wa sinema". Akasema basi, nitawaonyesha. Mwaka 2011 akasikia tamthilia ile imetoka kwenye CD, inauzwa mitaani, akazikuta kwa machinga mmoja stendi akanunua zote tatu. Akaita majirani, akaita wanawe, akaazima deki.

Nimezitazama mwenyewe, kwenye kompyuta yangu, mezani kwake, upepo wa Singida ukigonga madirisha kama mdai kodi. Hadithi ipo, haijaguswa. Lakini mwanzoni, pale ambapo kundi lilikuwa limeweka nembo yake, pamefunikwa na pazia jeusi na juu yake inazunguka nembo nyingine, ya rangi ya dhahabu, na muziki wa vishindo. Kona ya juu, pale ilipokuwa alama ya kituo cha televisheni, kuna kijiukungu kinachocheza muda wote kama mtu amepaka mafuta kioo. Na mwisho ndio balaa. Steringi anafunga mlango, picha inaganda, kata! Giza. Nembo ya dhahabu inarudi, zinafuata namba tatu za simu za kuagiza mzigo kwa jumla, na onyo kali kwa herufi nyekundu kwamba atakayerudufu kazi hii bila idhini atachukuliwa hatua za kisheria.

Aliyekata majina ya watu ndiye anayetisha watu wasimwibie. Nilicheka, na mama akacheka, kisha tukanyamaza.

Nikairudisha nyuma polepole, picha moja moja. Aliyekata hakuwa fundi mzuri. Kabla tu ya giza, chini kabisa ya kioo, unaona vichwa vya herufi vimeanza kuchungulia, kama watu wanaotoka kwenye shimo. Juu ya W, juu ya A, H. Neno "Wahusika" lilikuwa linakuja. Taa ilikuwa nyuma yake mistari kumi na kitu.

MWENYE DUKA MPYA, KIBAO KIPYA

Sasa swali: kwa nini mtu ahangaike kukata sekunde arobaini ambazo hakuna anayezitazama? Ukiwaza haraka utasema ni uharamia tu. Mara nyingine ni kweli. Lakini si kila aliyekata ni mwizi, na hapo ndipo patamu.

Biashara ya filamu zetu ilianzia kwenye kanda za VHS. Girlfriend, ile ya George Tyson ya mwaka 2003, ndiyo iliyowafungua watu macho kwamba mkanda wa Kiswahili unauzika. Zikaja VCD, kisha DVD, na soko lote likahamia Kariakoo. Mfumo uliozoeleka ulikuwa huu: mtayarishaji anachukua masta yake, anapeleka kwa msambazaji, anapewa fedha kwa mkupuo mmoja, anaondoka. Kuanzia hapo kazi ni ya mwenye duka. Na mwenye duka mpya huwa anafanya nini cha kwanza? Anabadilisha kibao cha mlangoni. Ukimuuliza kwa nini kaondoa nembo ya kundi, atakushangaa. Nimenunua, si nimenunua?

Kuna na hesabu za mashine. VCD moja inabeba kama dakika 74 mpaka 80. Mchezo wa televisheni ukiunganisha vipindi viwili vinazidi kidogo, kwa hiyo mkasi unatafuta pa kupita, na hakuna mteja atakayerudisha CD kwa sababu haina jina la fundi taa. Tena tulikuwa tumeshazoeshwa. Si mnakumbuka filamu moja kukatwa vipande viwili, Part 1 na Part 2, kila kimoja na bei yake? Unamaliza ya kwanza mtu kaning'inia ukingoni, unawekewa matangazo ya filamu nyingine saba, na majina ya waliofanya kazi mpaka ukanunue ya pili.

Sababu nyingine ni hofu. Alama ya kituo ikibaki kwenye kona, basi kituo kinaweza kuja kuuliza: hii mmeitoa wapi? Ukungu ule wa kona unafuta ushahidi, haupambi picha. Yaliyotoka China mnayakumbuka wenyewe, DVD moja ina filamu ishirini, kavani wamepanga sura za waigizaji ambao humo ndani hawamo. Serikali ilipoanzisha stempu za kodi za TRA kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013 ilisaidia kutofautisha mzigo uliolipiwa na usiolipiwa. Lakini stempu inasema kodi imelipwa. Haisemi nani aliwasha taa.

Naomba niwatetee watu wa vibanda umiza kwa sentensi mbili. Wale wanaotafsiri filamu za nje kwa sauti juu ya sauti, Lufufu akiwa ndiye mkongwe wao anayejulikana zaidi, wamekuwa wakitia majina yao ndani ya kazi za watu miaka yote, na mtaani utasikia "picha la Lufufu" hata kama aliyeliongoza ni Mmarekani. Lakini wao wanaongeza sauti zao, hawajifanyi ndio walioshika kamera, na mtoto wa Manyoni anayekaa kwenye benchi anajua kabisa yule anayeongea si yule anayepigana.

NDOA ILIVUNJIKA, NEMBO IKAFUATA

Usidhani ni ushamba wetu. Huko Marekani wanakoziita tamthilia zao za zamani hazina, mchezo ni huu huu, ila wao mkasi wao unavaa suti.

Chukua mfano wa mtu na mkewe, Desi Arnaz na Lucille Ball. Mwaka 1950 walianzisha kampuni wakaunganisha majina yao mawili, Desi na Lu, ikawa Desilu. Mwaka 1951 tamthilia yao ya I Love Lucy ikaanza kurushwa na CBS, ikawa moto wa kuotea mbali. Mfadhili wao alikuwa kampuni ya sigara ya Philip Morris, kwa hiyo pale mwanzo palikuwa na katuni za mume na mke wakicheza na pakiti ya sigara. Vipindi vilipoanza kurudiwa baadaye, sigara za watu wa nini tena? Wakaziondoa, wakaweka moyo juu ya kitambaa cha satini. Huo moyo ndio watu duniani wanaodhani ni wa tangu siku ya kwanza. Mapenzi matupu! Kumbe umewekwa kuficha pakiti ya sigara. DVD zilipokuja kutoka, baadhi ya matoleo yaliurudisha ule mwanzo wa kale.

Na ndoa je? Walitalikiana 1960. Mwaka 1962 Lucille akanunua hisa za mtalaka wake, akawa bosi peke yake wa kampuni yenye jina la ndoa iliyokwisha. Hebu fikiria kila siku unaingia ofisini chini ya kibao chenye jina lako na la mtalaka wako, yameshonwa pamoja. Mwaka 1967 akauza kwa Gulf and Western, waliokuwa tayari wanamiliki Paramount, na Desilu likageuka kuwa Paramount Television. Star Trek iliyoanza mwaka 1966 ilizaliwa chini ya Desilu, ikamalizia chini ya Paramount. Miaka ikaenda, kampuni zikauziana, zikaachana, na kila tajiri aliyeingia akabandika chapa yake mwisho wa vipindi ambavyo vilipokuwa vinapigwa picha yeye hayupo.

Sababu nyingine za huko ni za muziki. Married... with Children ilikuwa na wimbo wa Frank Sinatra mwanzoni, lakini DVD za kuanzia msimu wa tatu zilitoka na muziki mwingine, kwa sababu haki ya wimbo inalipiwa upya. Nyingine ni za kiufundi. Star Trek ya pili, ile ya 1987 hadi 1994, ilihaririwa kwenye kanda za video, kwa hiyo walipotaka kuitoa kwa picha safi kuanzia 2012 ilibidi warudi kwenye filamu zenyewe na kuiunganisha upya kipande kwa kipande. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayofanya majina yaandikwe upya kwa herufi mpya, na fundi anayeandika upya ni binadamu, anaruka mstari, anakosea herufi.

Tofauti yetu na wao ni moja. Wao wakikata, kuna watu wanagundua na wanapiga kelele mpaka mwenye mali anaona haya. Mimi nilikuwa sijawahi kukutana na Mtanzania aliyeudhika kwa sababu hii, mpaka nilipofika Singida.

SHERIA INASEMAJE?

Nilimweleza mwenyeji wangu ukweli, na wewe nakueleza hivyo hivyo. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994, na tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo COSOTA ndio wanaoisimamia. Humo kuna kitu kinaitwa haki ya kimaadili: mtunzi ana haki ya kutajwa kwamba kazi ni yake hata kama ameshaiuza, na akifa mkataba ule unataka haki hiyo isife naye siku hiyo hiyo. Kuuza masta ni kuuza biashara. Jina la mtunzi halimo kwenye mzigo.

Kuna na kifungu kingine cha Berne ambacho nadhani wasambazaji wetu wangekisoma wangeanza kutembea polepole. Kinasema mtu au kampuni ambayo jina lake limeonekana kwenye filamu kwa namna ya kawaida, huyo ndiye atakayehesabiwa kuwa mtayarishaji mpaka mwingine alete ushahidi wa kinyume. Umeielewa hiyo? Jina ni kama hati ya kiwanja. Ukifuta la mwenzako ukaweka lako, kesho yake ni yeye anayetakiwa kuthibitisha, wewe umekaa. Kundi lililokuwa na mkataba wa mdomo, na mengi yalikuwa na mikataba ya mdomo, linathibitisha kwa kutumia nini?

Sasa sehemu chungu. Sheria hizi zinamwangalia mtunzi na msanii anayeonekana au kusikika. Fundi taa hayumo. Hana mrabaha, hana hakimiliki, alilipwa posho yake ya siku na nauli. Katika kazi nzima alichobakiwa nacho ni ule mstari mmoja unaopita kwa sekunde mbili. Ndiyo maana mimi naona kumkata steringi ni ujeuri, atajulikana tu kwa sura yake, lakini kumkata fundi taa ni kumfanya awe hakuwepo.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho akanimiminia chai.

"Hela gani mdogo wangu? Walimlipa, tena kuna wakati walimlipa kwa wakati. Mimi nataka binti yangu aache kusema 'mama umesema'."

SENDOFF YA DESEMBA

Hapo ndipo lilipotoka lile jambo la kifamilia. Binti wa 2004 ni mchumba wa mtu. Posa ilishaletwa, na siku ya kikao cha mahari wageni wakauliza kistaarabu tu, marehemu baba wa binti alikuwa anafanya kazi gani? Baba mdogo mtu, ambaye ndiye aliyekaa mahali pa baba, akajibu kwamba alikuwa kibarua Dar es Salaam. Mazungumzo yakaendelea, ng'ombe wakahesabiwa. Binti alikuwa nyuma ya pazia anasikia. Usiku akamuuliza mama yake, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu: "Mama, hivi ni kweli baba alikuwa TV, au ni vile ulimpenda?"

Mimi nina shahada ya mawasiliano, nimefanya kazi hii miaka kumi na zaidi, na sikuwa na jibu la swali hilo.

Sendoff ni Desemba, ukumbi umeshalipiwa na projekta imo kwenye bei. MC ana kawaida ya kuonyesha picha za bibi harusi tangu mtoto. Mama anataka kuingiza sekunde arobaini tu pale katikati, bila maelezo, na baba mdogo awe amekaa meza ya mbele.

Tulianza kutafuta. Kituo, kwa nilivyoelezwa na mtu aliyefanya kazi pale enzi hizo, kilikuwa kinarekodi vipindi vipya juu ya kanda za vile vya zamani, jambo ambalo hata BBC walilifanya kwa Doctor Who kwa sababu kanda zilikuwa ghali. Mtayarishaji wa tamthilia nilimpata kwa simu. Akamkumbuka fundi taa wake mara moja, akasema jamaa alikuwa na kawaida ya kuvua viatu akipanda ngazi, lakini masta hana, aliikabidhi yote na karatasi ya makabidhiano haioni. Ile tamthilia sasa hivi ipo hata kwenye vibanda vya kuingizia filamu kwenye flashi, na nilipolipia nakala ya huko nikakuta nembo ya dhahabu nayo imefunikwa na nembo ya mwingine wa tatu. Aliyefuta naye kafutwa! Sikusikitika, nisidanganye.

Siku yangu ya mwisho kabla ya kuondoka, habari ikaja kutoka mahali ambapo sikutegemea. Mteja mmoja wa mafuta ya alizeti alimwambia mama kwamba Manyoni yupo mwalimu mstaafu ambaye miaka ile alikuwa na dishi, deki na moyo wa subira, na kila Alhamisi alikuwa anarekodi. Tukampigia simu. Mzee akauliza maswali mengi kuliko sisi, kisha akasema kanda anazo, ziko kwenye boksi la sabuni juu ya kabati, zimeandikwa kwa kalamu, na zote alizivunja kile kikingo cha ubavuni ili mtu asije akarekodi harusi juu yake. Halafu akaongeza kwamba yeye alikuwa haachi mkanda katikati. Aliuacha uzunguke mpaka wimbo wa mwisho ukatike, kwa sababu alipenda wimbo.

Kanda nne zimekuja Singida kwa basi, zimefungwa kwenye kanga. Fundi redio wa hapo mjini amezikagua kwa tochi akasema tepu ni kavu, haina ukungu. Mikoa ya joto na unyevu, Dar, Tanga, visiwani, kanda za miaka hiyo nyingi zimeota weupe. Huu ukame unaotutesa kwenye mahindi umezitunza. Kama na wewe unazo nyumbani, usiziingize kwenye deki la kuazima kujaribu bahati, maana tepu ya miaka ishirini ikitafunwa haishonwi. Mpelekee fundi afungue deki na kusafisha kichwa chake kwanza, na ukihamishia kwenye kompyuta mwambie arekodi tangu sekunde ya kwanza mpaka kioo kigeuke chenga.

Tatizo lililobaki ni deki lenyewe. Lipo moja, la fundi, zima kabisa isipokuwa mpira wa kuzungushia tepu umelegea kama mlenda. Ameshajaribu wa redio kaseti, ni mfupi. Kuna mtu Dodoma ana maiti ya deki la aina hiyo hiyo na anasema mpira wake bado unavuta, kwa hiyo kondakta wa basi la saa kumi na mbili asubuhi ameshapewa namba ya simu na elfu tano ya nauli ya mpira. Mama ameandika kwenye daftari la mauzo ya alizeti, katikati ya madeni ya madumu: mpira, Jumatano. Binti hajaambiwa kitu.